Mtoto wa Ukurutu Hakai Bila Krimu

Tangu NHIF, bima ya taifa ya hospitali, ifungwe, na mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ianze kazi tarehe 1 Oktoba 2024, mjadala wa matibabu huku kwetu Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya kwa jumla umekwama penye maswali mawili: nani amejisajili, na hospitali gani haijalipwa. Kwa anayesafishwa figo au anayejifungua kwa upasuaji, hayo ni maswali ya kufa na kupona. Ila kuna wagonjwa ambao mjadala huo umewaruka, nao ni watoto wenye ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyouita. Wanaoitetea serikali watakuambia hawa ndio walionufaika, maana zahanati na kituo cha afya sasa ni bure kwa aliyejisajili. Wanaoipinga watakuambia hadithi ni ile ile ya kila siku, dawa hakuna. Naona wote wawili wanapiga nje. Mtoto aliyekosa krimu aliyoandikiwa hakai bila krimu. Anapakwa nyingine, mara nyingi kali kuliko ile, na madhara ya hiyo ya pili hayaingii katika hesabu ya SHA, ya kaunti wala ya mtu yeyote.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu shida zetu nyingi zinatokana na kuuona kama kijipele cha kupita. Ukurutu wa watoto hauambukizi na hauletwi na uchafu. Ngozi ya mtoto wa namna hii haishiki maji: unyevu unatoka kwa urahisi, na vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia kwa urahisi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa chanzo ni hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi. Kwa Waafrika hitilafu hiyo ni nadra zaidi, kwa hiyo zipo njia nyingine za kufika pale pale. Hali ya hewa nayo ina mchango wake. Nakuru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, upepo mkavu wa Januari na Februari pamoja na vumbi lake huikausha ngozi hadi ikapasuka. Kisumu, joto na jasho la kando ya ziwa ndivyo vinavyomkosesha mtoto usingizi.

Vitabu vingi vya udaktari vilieleza ugonjwa huu kwa kutazama ngozi nyeupe, ambayo hugeuka nyekundu. Kwa ngozi yetu wekundu huo haujitokezi wazi. Unaona kijivu, weusi uliokolea, vipele vidogo vilivyosimama penye vinyweleo, na baada ya miezi ya kujikuna, ngozi nene yenye mistari kwenye viwiko, magoti na vifundo vya miguu. Ndiyo maana tabibu asiyeuzoea huandika ukungu, yaani fangasi, mwalimu husema ni upele wa kuambukiza na kumrudisha mtoto nyumbani, na jirani hutaja sihoho, yaani jicho baya. Anayedhani haya ni maradhi ya watoto wa mitaa ya matajiri akumbuke kwamba utafiti wa kimataifa wa pumu na mizio ya watoto uliofanywa miaka ya 1990 ulikuwa na kituo Eldoret, na dalili zake zilipatikana katika shule za huko huko.

Tiba yake si ya ajabu. Kuna mafuta mazito yasiyo na manukato, ya kila siku, ugonjwa uwepo usiwepo. Kuna krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, pale ngozi inapowaka: haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa uso na kwa watoto wachanga, na betamethasoni valereti ya asilimia 0.1, kwa siku chache, kwa sehemu zilizokuwa nene. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zimekuwemo kwa miaka mingi.

Hapa ndipo inapoanza hesabu ambayo hakuna anayeifanya. Wataalamu wa ngozi hupima krimu kwa ncha ya kidole. Mstari wa krimu uliokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mtoto wa miaka minne anahitaji ncha mbili kwa mkono mmoja mzima, na tatu kwa mguu mmoja mzima. Mikono yote na miguu yote ni ncha kumi, yaani gramu tano kwa kupaka mara moja. Tyubu ya kawaida ina gramu 15. Kwa mtoto aliyewaka kiasi hicho inakwisha siku ya tatu, na hapo tumechukulia kwamba anapakwa mara moja tu kwa siku. Kwa upande wa mafuta, miongozo ya Uingereza inataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Sasa mpe mzazi tyubu moja, usimpe mafuta yoyote, umwambie arudi baada ya mwezi. Hata siku ambayo dawa "ipo", kwa hesabu hii haipo.

Tulifikaje hapa? Chini ya NHIF, kuanzia mwaka 2015, aliyejiajiri alilipa shilingi 500 kwa mwezi na kuchagua kituo kimoja cha kutibiwa bila kulazwa. Wengi mijini walichagua hospitali za misheni au za watu binafsi zenye rafu zilizojaa. Mfumo ule ulikuwa na maovu yake na sina haja ya kuulilia. Kashfa zake zilijaza magazeti miaka nenda miaka rudi. Lakini ulimfaa mtoto wa ukurutu kwa jambo moja: alikuwa na mahali pamoja anapojulikana, na palipoendeshwa vizuri alichukua krimu yake dirishani bila kulipa tena. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iligawa mambo upya. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hazina ya Afya ya Msingi inalipia zahanati na vituo vya afya. SHIF, mfuko wa bima wenyewe, umejengwa zaidi juu ya kulazwa, uzazi, upasuaji, figo na saratani. Ukurutu umeangukia katikati. Ni wa muda mrefu mno kwa zahanati iliyozoea kikohozi na malaria, na ni mdogo mno kwa kifurushi cha kulazwa. Kumwona daktari wa ngozi katika hospitali kubwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, mara nyingi unalipa kutoka mfukoni. Na huko zahanati unakopokelewa bure, mara nyingi utapewa kalamini, ambayo huikausha zaidi ngozi iliyokwisha kukauka.

Ugavi nao una fundo lake. Kaunti zinatakiwa kisheria kununua dawa kwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, na KEMSA inazidai kaunti mabilioni ya shilingi. Kaunti yenye deni huagiza kidogo, na inapoagiza kidogo huanza na dawa ambazo zikikosekana kutakuwa na maandamano. Hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili ya haidrokotisoni.

Nilishuhudia matokeo yake katika duka moja la dawa karibu na steji ya matatu mjini Nakuru. Mama alikuwa na lile daftari dogo ambalo wazazi wetu hulitumia kama faili ya hospitali, daftari la shule lililokatwa katikati, jalada limechakaa kwa kubebwa ndani ya kikapu. Tabibu alikuwa ameandika haidrokotisoni, mara mbili kwa siku, wiki mbili. Kando yake kulikuwa na herufi mbili kwa kalamu nyekundu, O/S, alama ambayo kila mzazi huku anaielewa: haipo, kanunue nje. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akasoma, akatikisa kichwa. "Hiyo haina nguvu, mama. Chukua hii, siku tatu utakuwa umesahau." Alichomwekea mezani ni tyubu ya mchanganyiko, yaani steroidi kali, dawa ya bakteria na dawa ya ukungu ndani ya krimu moja. Mama akauliza kama inaweza kupakwa usoni. Akajibiwa kwamba ndiyo, ila kidogo. Akatoa hela zake na kuondoka, na kwa kumbukumbu za zahanati yake, mgonjwa huyo alihudumiwa.

Krimu ya namna ile hufanya kazi, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya hatari. Steroidi kali hutuliza karibu kila kinachowasha, kwa hiyo muuzaji hana haja ya kujua kama mbele yake kuna ukurutu, upele au mashilingi. Ikiwa ni ukungu, muwasho na magamba hupungua huku ugonjwa wenyewe ukienea chini kwa chini, hadi daktari wa baadaye asiweze kuutambua kwa macho. Ikiwa ni ukurutu kweli, utatulia na kurudi pindi krimu inapoachwa ghafla, kisha inanunuliwa tyubu nyingine. Dawa ya bakteria inayopakwa kila wiki pasipo bakteria inavizoesha vijidudu kuihimili. Ngozi ya uso wa mtoto ni nyembamba. Baada ya wiki kadhaa za steroidi kali hubaki mabaka meupe, michirizi na mishipa inayoonekana. Klobetasoli, ambayo ni steroidi ya daraja la juu kabisa na haishauriwi kwa walio chini ya miaka 12, ikipakwa eneo kubwa huingia mwilini na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni ambayo mtoto anaihitaji anapougua. Mbaya zaidi ni krimu zinazochotwa kutoka ndoo na kuuzwa katika vikopo visivyo na jina. Hapo hata daktari mwenye nia njema hawezi kukuambia mtoto wako amepakwa nini.

Wapo wanaotetea hali ilivyo, na wote si wa kupuuzwa. Hoja yao yenye uzito zaidi ni ya vipaumbele. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia ziko katika ukanda wa malaria. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, kaunti hizi ambazo huduma zao za Virusi vya Ukimwi ziliegemea sana fedha hizo zimelazimika kutafuta mishahara na dawa kwingine. Msimamizi wa afya wa kaunti akisema kwamba shilingi yake ya kwanza inakwenda kwa ARV na ya pili kwa dawa za malaria, mimi sitamwita mkatili. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kuacha kununua krimu kunaokoa fedha. Ngozi iliyochubuka ni mlango wa bakteria kama stafilokoka na streptokoka, na maambukizi ya streptokoka kwenye ngozi yanaweza kufuatiwa na kuvimba kwa figo. Mtoto wa hivyo anarudi akiwa wa kulazwa, na sasa SHIF inalipa. Fedha zilizobaniwa kwenye tyubu zinatoka kwenye mfuko mwingine wa serikali ile ile, zikiwa zimeongezeka. Tatizo ni kwamba anayenunua tyubu na anayelipia kitanda ni ofisi mbili tofauti, na kila moja inajiona imebana matumizi.

Hoja ya pili ni ya udhibiti. Steroidi za kupaka zinatumiwa vibaya kujichubua, kila mtu anajua, na Bodi ya Dawa na Sumu ina haki ya kutaka zile kali ziuzwe kwa karatasi ya daktari pekee. Nakubaliana nayo bila masharti. Ninachouliza ni udhibiti huo unamkamata nani. Anayetaka kujichubua hana haja ya karatasi, maana vikopo viko sokoni. Anayefuata utaratibu, aliyekwenda zahanati, akapanga foleni, akaandikiwa krimu dhaifu kuliko zote, ndiye anayeambiwa haipo. Mlango wa mbele umefungwa kwa kukosa bidhaa na wa nyuma uko wazi. Udhibiti ungekuwa na maana kama krimu halali ingekuwa rahisi kupatikana kuliko ya magendo. Hofu ya kujichubua imezaa pia hofu ya steroidi zote kwa jumla, hadi mzazi aliyebahatika kupewa haidrokotisoni anapaka kidogo mno kwa woga, na mtoto hapati nafuu. Kisha anasema dawa ya hospitali haifai na kwenda kutafuta kali. Hofu na matumizi mabaya vinaishia kwenye kaunta moja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, hata katika vinywa vya wahudumu wa afya: ni ngozi tu, atakua na itamtoka. Sehemu ya pili ina ukweli, kwani watoto wengi hupata nafuu kubwa kabla ya ujana. Lakini huo ni ukweli wa wastani unaoambiwa mama ambaye usiku huu anamshika mtoto mikono asijikune mpaka damu. Mtoto asiyelala hasikilizi darasani, na asiyelala kwa miaka mitano, hiyo ndiyo miaka yote ya chekechea na madarasa ya chini. Hatumwambii mwenye pumu ya kifua kwamba asubiri akue. Aidha, anayesema "ni ngozi tu" angetafuta jibu la Mei 2025, pale Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, huko Geneva, ulipopitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Tukiipigia makofi Geneva, basi na rafu ya zahanati ya Rongai au Ahero ionyeshe.

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao sijaona mwanasiasa akiugusa, nao ni mafuta. Dawa zilizokamilika hazitozwi VAT nchini. Mafuta ya kutunza ngozi, kwa kuwa si dawa kwa macho ya sheria, yamewekwa fungu moja la ushuru na poda na rangi ya mdomo, kwa hiyo yanabeba ushuru wa bidhaa pamoja na VAT ya asilimia 16. Chupa ya mafuta maalumu kutoka ng'ambo inapita shilingi elfu moja kwa urahisi, na kwa kiasi nilichotaja hapo juu haimalizi mwezi. Hapa mtu atasema mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha. Ni kweli, yasiyo na manukato yanatosha kabisa, na ningependa kila tabibu aseme hivyo kwa sauti kabla mzazi hajatumwa kununua ya bei ghali. Ila kopo kubwa kila wiki mbili, pamoja na kodi yake, si jambo dogo kwa anayechuma majani chai Nandi au kuuza omena Dunga.

Na wala hatuhitaji kuyaagiza ng'ambo. Marhamu ya kulainisha ngozi ambayo hospitali za Uingereza zimeitumia kwa miongo mingi ina vitu vitatu tu: nta ya kuchanganyia mafuta na maji asilimia 30, mafuta meupe ya mgando asilimia 50, na parafini ya maji ya kitabibu, ambayo si mafuta ya taa, asilimia 20. Huyeyushwa pamoja, hukorogwa mpaka yapoe, hutiwa koponi. Mfamasia yeyote aliyesomea kazi yake anaweza kuyatengeneza, na zamani wafamasia wa hospitali zetu walikuwa wakichanganya dawa wenyewe. Kule Moshi, Tanzania, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha matabibu wa Afrika Mashariki na kwingineko tangu miaka ya 1990, na huko huko hutengenezwa krimu ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Nakuru na Kisumu zina hospitali kubwa za rufaa zenye wafamasia. Kinachokosekana ni mtu wa kutia saini agizo la malighafi.

Uwezo wa kutia saini hiyo upo. Sheria ya mwaka 2023 ya Fedha za Kuboresha Vituo vya Afya inaruhusu hospitali na vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia, badala ya kuyapeleka kwanza katika akaunti ya kaunti na kuyasubiri. Kituo cha afya kinaweza kuamua kwamba haidrokotisoni na makopo ya mafuta vitanunuliwa kila robo ya mwaka. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwasambaza kwa maelfu kuanzia Septemba 2023 wakiwa na mikoba yao, wanaweza kufundisha ncha ya kidole kwa dakika tano uani kwa mtu, na kuwaambia wazazi kwamba ngozi ikishatulia, kupaka krimu siku mbili tu kwa wiki penye sehemu korofi kunazuia mlipuko mwingine. Hilo la siku mbili lingepunguza idadi ya tyubu kuliko mgao wowote wa kubana. Kinachotakiwa ni kituo kihesabiwe kwa gramu kilizotoa. Leo kinahesabiwa kwa vichwa vilivyopita mlangoni, na kwa kipimo hicho yule mama wa daftari ni ushindi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanapaswa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni katika wadi zao. Mikutano hiyo hujaa watu wa barabara na masoko. Mzazi wa mtoto mwenye ukurutu aende, aombe kipaza sauti, aulize katika agizo la mwisho la dawa zilinunuliwa tyubu ngapi za haidrokotisoni kwa zahanati za wadi yake, kilo ngapi za mafuta, na ziliisha tarehe gani. Na akijibiwa kwa idadi ya waliosajiliwa SHA, asikae chini.